Kukaza Hukumu: Jinsi ya Kuijaza Karatasi ya Kuomba Mali ya Mdaiwa Ikamatwe

Watu wengi wakisikia hakimu akitamka kwamba mdai ameshinda, hurudi kwao kwa furaha, wakidhani ya kuwa shauri limekwisha. Hukaa mwezi, hukaa miezi mitatu, wakingoja kuletewa fedha zao, na fedha haziji. Ndipo husikika wakinung'unika, "Mahakama gani hii? Imenipa haki kwa maneno, na mikononi sina kitu." Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Mgeta, Mlali, Matombo, Mkuyuni, Kinole na pande zote za Milima ya Uluguru, ya kuwa lawama hiyo si ya haki. Mahakama ikisha kutoa hukumu haimfuati mdaiwa nyumbani kwake mpaka yule aliyeshinda aombe. Kuomba huko ndiko kuitwako kukaza hukumu, nako huanza kwa karatasi.

Karatasi hii si ndefu, wala maneno yake si magumu. Walakini imo nafasi moja ambayo watu wengi huijaza kwa hasira badala ya kuijaza kwa akili, nayo ni ile iulizayo: Ni mali gani ikamatwe? Katika nchi yetu ya Uluguru neno hilo lina uzito kuliko mahali pengi, kwa sababu mtu aweza kulima shamba maisha yake yote, na shamba lisiwe lake. Basi somo letu la leo ni hili: andika mali iliyo ya mdaiwa mwenyewe, wala si kila kitu ulichomwona akikitumia.

1. Kwa nini karatasi imekuwa na nguvu hivi

Zamani, chini ya Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ya mwaka 1929, mashauri madogo ya watu wa vijijini yalisikilizwa barazani na wakuu wa nchi pamoja na wazee. Watu wale walikaa katika nchi ile ile, na walijua shamba hili ni la ukoo gani na mbuzi yule ni wa nani. Mwaka 1963 ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964, na Mahakama za Mwanzo zikachukua kazi ya mabaraza yale. Baadaye ikaja Sheria Na. 2 ya mwaka 1984, nayo ikashika mahali pake.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aweza kuwa mzaliwa wa Bukoba au wa Mtwara. Yeye hajui mpaka wa shamba la mtu wa Bunduki, wala hajui mjomba wa nani ndiye mwangalizi wa ardhi ya mlango gani. Ajuacho ni kile kilichoandikwa mbele yake na kile kilichosemwa na mashahidi. Kwa hiyo mwandikaji asiposema kweli, au asipojua vema alichoandika, mahakama nayo yaweza kupotezwa.

2. Mambo ya kutayarisha kabla ya kushika kalamu

Kwanza, pata nakala ya hukumu au ya amri ya mahakama. Usitegemee kumbukumbu, maana tarakimu moja ikikosewa yatosha kurudishiwa karatasi.

Pili, tazama tarehe. Mtu aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kupeleka rufani katika Mahakama ya Wilaya. Wengi hudhani ya kuwa rufani ikiisha kupelekwa, hukumu husimama yenyewe. Sivyo. Rufani peke yake haisimamishi hukumu. Atakaye isimame lazima aombe amri ya kuisimamisha, na apewe. Illa wewe uliyeshinda, ukijua kwamba iko rufani, usiifiche, kwa maana karatasi yenyewe itakuuliza.

Tatu, usilale. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yaweka miaka 12 kwa maombi ya kukaza hukumu ambayo hayakuwekewa muda mwingine na sheria. Miaka 12 yaonekana mingi, lakini mali haingoji: pikipiki huuzwa, mtu huhama, shahidi hufa. Tena katika Mahakama ya Wilaya na zilizo juu yake, ukipitisha mwaka mmoja tangu hukumu bila kuomba, mdaiwa ataitwa kwanza aje aeleze kwa nini hukumu isikazwe, na huko ni kuchelewa juu ya kuchelewa.

3. Maswali ya karatasi na majibu yake

Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za madai za mwaka 1964, na karani atakuonyesha karatasi itumikayo hapo. Mahakama za juu hufuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ambayo yataja wazi mambo ya kuandikwa. Mtu aliyejitayarisha kwa maswali haya ya mahakama za juu hatakwama mbele ya meza yo yote. Maswali ni haya:

(a) Namba ya shauri na mwaka wake. Iandike kama ilivyo katika hukumu.

(b) Majina ya mdai na mdaiwa. Yaandike kama yalivyo katika hukumu, herufi kwa herufi. Ikiwa hukumu yasema jina la baba, nawe usiandike jina la utani ajulikanalo nalo sokoni.

(c) Tarehe ya hukumu.

(d) Je, iko rufani? Jibu ni ndiyo au siyo. Usiache nafasi tupu.

(e) Je, mdaiwa amelipa cho chote, au mmepatana neno lo lote baada ya hukumu? Hapa uaminifu hupimwa. Ikiwa alikuletea fedha usiku nyumbani kwako, fedha hizo ni malipo, nawe lazima uziandike.

(f) Je, uliomba kukaza hukumu hii mara nyingine? Ikawaje?

(g) Fedha zilizobaki, pamoja na gharama na riba kama hukumu yazitaja. Usijipe riba ambayo hakimu hakuisema.

(h) Jina la mtu ambaye hukumu itakazwa juu yake.

(i) Njia unayoitaka mahakama ikusaidie, yaani kukamata na kuuza mali, au njia nyingine iliyo katika sheria. Ndipo huja maelezo ya mali yenyewe.

Mwisho mwombaji hutia sahihi, na kuthibitisha ya kuwa aliyoyaandika ni kweli. Kisha hulipa ada ya mahakama na kupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo iwekwe pamoja na nakala ya hukumu.

4. Mfano wa hesabu

Tuseme mwenye duka mmoja wa Mlali alimkopesha mkulima wa Mgeta mbolea na mbegu za kabichi. Mkulima hakulipa, akashitakiwa, na mahakama ikaamuru alipe shilingi 1,200,000 pamoja na gharama za shauri shilingi 80,000. Baada ya hukumu mkulima akaleta shilingi 300,000. Hesabu itaandikwa hivi:

Fedha za hukumu: Sh. 1,200,000
Gharama: Sh. 80,000
Jumla: Sh. 1,280,000
Zilizolipwa: Sh. 300,000
Zilizobaki: Sh. 980,000

Mwenye duka akiandika Sh. 1,280,000 kwa kuwa tu amekasirika, amesema uwongo mbele ya mahakama, na karatasi yake yaweza kumharibia shauri ambalo alikwisha kulishinda.

5. Mali isiyokamatwa

Sasa twafika penye kiini cha somo. Sheria haikumpa mshindi ruhusa ya kumvua mwenziwe nguo. Viko vitu ambavyo mahakama haivikamati, na mtu akiviandika amepoteza wino wake bure:

Nguo za lazima za mdaiwa, za mkewe na za watoto wake. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kuyavua.

Vyombo vya kazi vya fundi. Cherehani ya mshona nguo na randa ya seremala haviguswi.

Na ikiwa mdaiwa ni mkulima, majembe yake, pamoja na mifugo na mbegu zimtoshazo kuendelea na kilimo chake.

Tena ile Sheria ya Madai ya mwaka 1966 yaongeza nyumba ambayo mdaiwa hukaa ndani yake pamoja na mke na watoto wanaomtegemea. Yaongeza pia ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yaitegemea ardhi hiyo.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mtu aliyenyang'anywa jembe na mbegu hawezi kulipa deni hili wala deni jingine, na watoto wake watakuwa mzigo wa kijiji kizima. Sheria hupenda deni lilipwe, lakini haipendi deni limwue mdaiwa.

6. Mashamba ya Uluguru ni ya nani?

Turudi kwa yule mwenye duka wa Mlali. Mara nyingi amepita Mgeta, akamwona mdaiwa wake akimwagilia shamba zuri la kabichi katika mtelemko. Moyoni mwake asema, "Hilo ndilo litakalolipa." Naye huandika katika karatasi: Shamba moja la kabichi, mali ya mdaiwa.

Kila Mluguru ajua hatari iliyo katika maneno hayo. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ya asili ni ya ukoo na milango yake, na mtoto huirithi kwa mama na kwa wajomba zake. Mwanamume aweza kulima ardhi ya ukoo wake. Aweza kulima ya mkewe. Tena aweza kupewa sehemu katika ardhi ya ukoo wa baba yake. Na mgeni aliyepewa mahali pa kulima alikuwa akitoa ada iliyoitwa ngoto, kuonyesha ya kuwa yeye si mwenye ardhi. Basi huyo mkulima wa Mgeta aweza kuwa analima ardhi ya ukoo wa mkewe. Jasho ni lake, kabichi ni zake, lakini udongo si wake.

Tufikiri litakalotokea likiandikwa ovyo. Tangazo la mnada labandikwa. Mama mkwe wa mdaiwa, ambaye hakukopa mbolea wala hakuitwa mahakamani, aona shamba la mama zake likitajwa kuwa litauzwa. Wajomba wakusanyika. Watu wa ukoo mmoja waanza kuwatazama watu wa ukoo wa pili kwa jicho baya, na neno la deni la mbolea lageuka kuwa neno la ardhi, ambalo laweza kuishi miaka 30. Mwenye duka naye hapati hata shilingi moja, kwa kuwa hakuna mnunuzi mwenye akili atakayetoa fedha zake kununua ugomvi.

Tena mambo matatu ya sheria za leo yakumbukwe. La kwanza, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, wala haihami mkono kwa mkono bila kuijulisha. La pili, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe, na deni la mume halimpi mtu haki juu ya mali hiyo. La tatu, sheria hiyo hiyo yalinda nyumba ya ndoa: mume hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe.

7. Jinsi ya kuandika mali vema

Basi mwenye duka aandike nini? Na aanze kwa kuuliza kabla ya kuandika. Aende kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa jirani wawili watatu, aulize kwa upole mali ya mdaiwa ni ipi. Huenda akajua mambo kama haya:

Iko pikipiki ya mdaiwa. Aandike namba ya usajili, rangi, na mahali inapolala. Asiandike "pikipiki moja" tu, maana Mgeta pikipiki ni nyingi. Ikiwa mdaiwa atasema ndiyo chombo chake cha kazi, hakimu atasikiliza na kuamua.

Liko deni ambalo mnunuzi wa mboga wa mjini Morogoro hajamlipa mdaiwa. Deni hilo nalo ni mali. Mahakama yaweza kumwamuru mnunuzi asimlipe mdaiwa, bali azilete fedha mahakamani.

Yako magunia ya maharage ghalani, yaliyozidi mbegu na kile ambacho sheria humwachia mkulima.

Kiko chumba au kiwanja mjini ambacho mdaiwa alikinunua kwa fedha zake, naye hakai humo bali amekipangisha. Mali isiyohamishika huandikwa kwa mahali pake, mipaka yake, namba yake kama inayo, na sehemu ambayo ni ya mdaiwa. Ikiwa alinunua pamoja na nduguye, andika ya kuwa nusu tu ndiyo yake.

Ikiwa mali yako katika wilaya nyingine, kwa mfano Dar es Salaam, mwombaji aiambie mahakama, ili hukumu ipelekwe ikakazwe na mahakama ya huko. Asiende yeye mwenyewe na vijana wake kuchukua kitu. Mshindi achukuaye mali kwa mkono wake aweza kujikuta anashitakiwa kwa jinai, na ushindi wake umegeuka aibu.

8. Baada ya karatasi kupokewa

Hakimu akiridhika hutoa hati ya kukamata mali, na kazi hiyo hufanywa na dalali wa mahakama aliyewekwa kwa sheria. Kukamata si kuuza. Mali iliyokamatwa huwekwa chini ya amri ya mahakama, na mdaiwa akiiuza kwa siri baada ya hapo, mauzo hayo hayamdhuru aliyeshinda.

Kisha hutolewa tangazo la mnada. Kwa sheria ya mwaka 1966, mali isiyohamishika haiuzwi kabla ya siku 30 tangu tangazo kubandikwa, na mali ihamishikayo kabla ya siku 15, isipokuwa mdaiwa mwenyewe akubali kwa maandishi. Vitu viozavyo upesi, kama mboga na matunda, vyaweza kuuzwa mapema. Aliyeshinda shauri haruhusiwi kununua katika mnada huo bila idhini ya mahakama. Mnunuzi wa nyumba au kiwanja hutoa robo ya bei papo hapo, na iliyobaki huilipa ndani ya siku 15. Fedha zikizidi deni na gharama, zilizozidi ni za mdaiwa.

Mtu wa tatu, kama yule mama mkwe, akiona mali yake imekamatwa kwa deni la mwingine, asipige kelele njiani wala asimfukuze dalali kwa panga. Aende mahakamani upesi, kabla ya mnada, alete pingamizi na mashahidi wake. Mahakama itachunguza mali ilikuwa ya nani siku ilipokamatwa, na ikiwa ni yake, itaachiliwa. Hapo ndipo wazee wa ukoo na viongozi wa kijiji wana kazi kubwa: kusema kweli juu ya mpaka na juu ya mwenye ardhi, bila kumficha mdaiwa na bila kumpendelea mdai. Mzee asemaye uwongo ili kuokoa pikipiki ya mpwa wake ameuza neno lake, na siku ya neno la ardhi ya ukoo hakuna atakayemsadiki.

9. Neno kwa mdaiwa

Nawe uliyeshindwa, usijifiche mlimani. Ikiwa huwezi kulipa kwa mara moja, nenda mbele ya hakimu uombe kulipa kidogo kidogo. Kila utakacholipa kilipe mahakamani, au hakikisha kimeandikwa mahakamani. Malipo ya nyumbani yasiyojulishwa mahakama huwa shida kuyathibitisha, na watu wamelipa deni moja mara mbili kwa sababu hiyo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

10. Maswali ya kujifunza

Walimu waweza kuyatumia maswali haya katika madarasa ya watu wazima:

(1) Mdai alishinda Sh. 600,000 na gharama Sh. 45,000. Mdaiwa alilipa Sh. 150,000. Ataandika kiasi gani kilichobaki?

(2) Mdaiwa ni seremala wa Matombo. Ana randa, msumeno, redio, na vitanda viwili vya familia. Kipi chaweza kuandikwa katika karatasi?

(3) Mume anadaiwa. Shamba la migomba huko Kinole ni la ukoo wa mkewe. Je, laweza kukamatwa? Nani apeleke pingamizi, na lini?

Majibu: (1) Sh. 495,000. (2) Redio. (3) Si mali ya mdaiwa, hivyo haifai kukamatwa. Likikamatwa, mke au wazee wa ukoo wake walete pingamizi kabla ya mnada.

Twamaliza kwa kuwasihi wasomaji wetu. Ukipewa hukumu, umepewa haki juu ya mali ya mtu mmoja, yule aliyeshindwa, wala hukupewa haki juu ya mkewe, wala juu ya mjomba wake, wala juu ya watoto ambao bado hawajazaliwa katika ukoo ule. Ijaze karatasi yako polepole, uliza kabla ya kuandika, soma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Hivyo utapata kilicho chako, na siku ya soko utaweza kupita Mgeta ukaitikiwa salamu.